Mti Alioukata Kadiri

Kadiri alikuwa mtu wa kufanya kwanza na kuuliza baadaye, na mara nyingi hata huko kuuliza alikusahau. Warda, shemeji yake, alishamzoea. Lakini alasiri ile, aliposhuka kwenye duka la chakula la Kadiri kuchukua kuku wa harusi, alisimama ghafla mlangoni.

Friza jipya lilikuwa limewekwa pembeni, kubwa kama kabati la nguo, likinguruma. Na pale liliposimama, mti mmoja wa mshazari, ulioegemeza nguzo ya nyumba, haukuwepo.

"Kadiri, iko wapi ile muti ya kuinama?"

"Ile? Ilikuwa ya décor tu, ya urembo, maman Tasnim. Congélateur hii ilikataa kupita, alors nikaikata jana magharibi. Bon, kuku za harusi zingelala wapi?"

Nyumba hiyo iko kwenye kichochoro cha Molenbeek, mtaa wa Brussels, hatua chache kutoka mferejini, na ni ya mbao tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka: nguzo za mwaloni, boriti za mwaloni, na katikati yake udongo uliopakwa chokaa. Haina msumari wa chuma. Kila kiungo kinashikwa na kigingi cha mti. Maduka ya chini yanatazama kichochoro. Juu yake linapita baraza refu lenye paa, na maduka mengine yamepangana humo, ili mteja anunue bila kulowa. Kwa mvua ya Brussels, aliyelijenga alikuwa na akili. Warda ameuza vitenge huko juu kwa miaka kumi na moja, na sauti za nyumba hiyo anazijua kama anavyojua mumewe akikoroma. Anajua pia kwamba miti ya mshazari ndiyo inayozuia nguzo zisilale. Fundi wa paa alimwonyesha siku moja, na tangu hapo hajathubutu kutundika hata kitenge juu yake.

Sasa aliinua macho kwenye kichwa cha nguzo. Kigingi kilikuwa kimechomoza urefu wa kidole. Juu yake, barazani, wanawake wa harusi walikuwa wakicheza, na kila dufu lilipopigwa, vumbi la chokaa lilidondoka likatua juu ya friza.

Na ni nani aliyekaa juu ya nguzo hiyo hasa? Tasnim, binti yake, bibi harusi. Alikuwa kwenye kiti cha dhahabu cha kukodi, ambacho Warda mwenyewe aliamuru kiwekwe mwisho kabisa wa baraza, mbali na ngazi, eti picha zipendeze. Asubuhi alimpa maagizo: macho chini, mikono mapajani, na asiseme kitu mpaka sherehe iishe. Bibi harusi hasemi.

"Toka inje," alimwambia Kadiri. "Ita pompiers, wale wa kuzima moto. Muntu asipite hapa chini, hata kama ni bwana harusi."

Kadiri alianza kujitetea, akatazama juu kwenye kigingi. Akatoka mbio.

Warda alipanda ngazi ya mawe roho mkononi. Ngazi ilikuwa hiyo moja tu, nyembamba, na baraza lilikuwa limejaa wanawake zaidi ya thelathini, jasho likiwatoka, wakikanyaga sakafu kwa nguvu zao zote. Akipiga kelele, wote wangeikimbilia ngazi kwa mkupuo mmoja, na sakafu isingestahimili. Akimwita Tasnim, mambo yangekuwa yale yale, kwa maana bibi harusi akiinuka wanawake humzonga kwa vigelegele. Basi Tasnim alipaswa kukaa pale pale mpaka wengine watoke. Warda aliliona hilo waziwazi, akalichukia, kisha akaamua.

Aliinua mikono. "Al-Fatiha," alisema.

Dufu likakatika. Kwa wanawake waliolelewa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Bujumbura, neno hilo halijadiliwi. Viganja vilifunguka, midomo ikaanza kunong'ona, miguu ikatulia. Katika kimya kile Warda aliisikia nguzo ikilia, mlio mwembamba usiokwisha.

"Amin."

Latifa, mama wa bwana harusi, alikuwa ameshamfikia. Mama huyu akinong'ona, Anderlecht, mtaa wa pili, wanasikia. "Fatiha ya nini kabla ya chakula? Kuna muntu amekufa? Ao munatufukuza?"

Warda alimkumbatia kama anayemwomba radhi, akamwambia sikioni, "Nguzo ya chini ya Tasnim inaanguka. Tukikimbia, tunakufa."

Latifa alimtazama bibi harusi kule mwisho. "Na yeye?" aliuliza, na safari hii alinong'ona kweli.

"Wa mwisho."

Latifa aliinama akavua viatu vyake virefu, akavishika mkononi, kisha akawageukia wageni. "Wababa wanasali asri hapa chini, na sisi tuko tunawakanyaga kwa kichwa kama ngombe. Muvue viatu. Mushuke mumoja mumoja, bila kelele. Chakula iko kwa cour, kule uani."

Hapakuwa na mwanamume hata mmoja aliyekuwa akisali. Warda aliupenda uongo ule kuliko kweli zote alizowahi kuambiwa na Latifa.

Wakaanza kushuka, pekupeku, viatu mkononi, wakiambiana nyamaza. Mmoja alirudi kutafuta mkoba. Mwingine alitaka kwanza kumbusu bibi harusi. Warda akamshika kiwiko, akamwambia atamkuta chini. Bibi Aïcha, mwenye magoti mabovu, alisimama kwenye kila kidato kupumua, na nyuma yake foleni yote ikasimama. Warda alitaka kumbeba mgongoni. Kule mwisho, glasi ya juisi kwenye meza ndogo ilianza kuteleza yenyewe, ikafika ukingoni, ikaangukia kichochoroni. Tasnim hakugeuza kichwa.

Hatimaye wa mwisho alitoweka kwenye ngazi.

"Tasnim, mama, amuka polepole. Pitia kwa ukuta."

Tasnim aliinuka, akakusanya gauni kwa mkono mmoja. Alipofika katikati, kitu kilidondoka chini kikaviringika, na Warda alijua ni kigingi. Sakafu ikashuka kidogo. Kila kiungo chake kilimwambia amkimbilie, lakini uzito wake ungekuwa uzito wa pili, kwa hiyo aling'ang'ania ukuta wa mawe wa ngazi, akangoja. Tasnim aliyumba, akashika ukuta, akaendelea. Warda alimdaka mkono akamvutia ngazini.

Nyuma yao mwisho wa baraza uliinama polepole, kama mtu aliyechoka anayeketi. Kiti cha dhahabu kilitangulia, sakafu ikafuata. Ndipo friza la Kadiri, chini yake, liliponyamaza.

"Nilikuacha wa mwisho," Warda alisema, bila kutafuta neno la kulainisha. "Niliona, na nikakuacha. Unisamehe."

Tasnim aliegemea ukuta. "Kiti ilianza kuinama kwa mwimbo wa pili, maman."

Warda alimkazia macho. Tangu wimbo wa pili walikuwa wamecheza saa nzima. "Na haukusema?"

"Ulinikataza. Asubuhi."

Warda alianza kuufungua mtandio wa binti yake. Alichomoa pini moja moja mpaka uso wa mtoto ukabaki wazi, rangi zote za urembo zimechuruzika.

"Sema," alimwambia. "Sema sasa, mutoto wangu. Yote."

Tasnim alifungua kinywa, na kilio kilichotoka kiliwafikia wanawake wote waliokuwa uani.