Mnunuzi Asiyekuja na Mahindi

Huku kwetu Tunduma, mtu anayetaka kununua mashine ya kusaga huja na mahindi yake. Anamimina debe lake, anasikiliza mashine inavyokohoa, kisha anachota unga na kuuweka ulimini. Ukitoka wa moto kupita kiasi anajua nyundo za ndani ya kinu zimelika, na bei inashuka hapo hapo.

Yassir alikuja na manukato.

Alikuwa na malori ya kwenda Zambia, na mwaka ule foleni ya mpakani ilikuwa inafika Chapwa. Akakaa barazani kwangu, akasifu baraza, akasifu chai, akanisifu na mimi. Kwa umri wangu, mwanamume akikusifu ujue anataka kura au kiwanja. Na uchaguzi ulikuwa bado.

"Bi Mkubwa," akasema, "mimi sitaki usumbuke na kodi. Usiniuzie mashine. Niuzie hisa za kampuni, kila kitu kibaki humo humo kilipo."

Kampuni aliifungua marehemu mume wangu, Boazi, kwa sababu benki haikutaka kumkopesha mtu wa kandambili asiye na mhuri. Basi akaviingiza vyote kwenye jina la kampuni: mashine, uwanja mpana wa mbele, hata nyumba ya nyuma ninayolala. Alipofariki, hisa tukabaki nazo mimi na binti yangu Nesta, yeye kidogo, mimi karibu zote.

Nikamwita mume wa Nesta, Fanueli, mhasibu huko Mbeya. Sasa kwetu sisi Wanyiha, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Ni heshima nzuri, ila ina hasara yake: huwezi kujua kama anakudanganya. Fanueli akakaa ubavu, akawa anamweleza kuku wangu.

"Mama, ukiuza mashine na majengo, muuzaji ni kampuni. Inalipa kodi kwenye faida. Halafu hela ikitoka kwenye kampuni kuja mkononi mwako, inakatwa tena, kodi ya gawio. Ukiuza hisa, muuzaji ni wewe mwenyewe. Unakatwa mara moja, basi."

"Na Yassir anapata nini?"

Akamtazama kuku vizuri zaidi. "Kwa upande wa kodi, hapati kitu. Angenunua mashine yenyewe, gharama yake angeitoa kidogo kidogo kila mwaka kwenye hesabu zake, kodi ikapungua. Kwenye hisa hana hilo. Tena madeni ya zamani ya kampuni, yakiwepo, yanamfuata yeye. Wanunuzi wengi hukataa."

"Kwa hiyo anaumia yeye ili mimi nipone."

"Ndiyo hivyo, Mama."

"Tangu lini mwenye lori akabeba mzigo wa mtu bila nauli?"

Kuku akaondoka. Fanueli akakosa wa kuongea naye.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwenye mashine, nikavua mkanda unaounganisha injini na kinu, nikauficha chini ya kitanda. Injini bila mkanda inanguruma tu, haisagi hata punje. Nikawasha. Kisha nikampigia Yassir aje na mahindi, kama desturi.

Alikuja bila hata punje, ana karatasi na kalamu ya kusainia, na Fanueli nyuma yake. Nikaona wameshuka gari moja.

"Umeisikia mashine?" nikamuuliza Yassir.

"Safi sana, Bi Mkubwa! Nimesimama pale mlangoni nikaiangalia. Inasaga kama mpya."

"Inasaga?"

"Unga mweupe kabisa!"

Nikaenda chumbani nikarudi na mkanda, nikauweka mezani juu ya karatasi zake. Akauangalia kama mtu aliyeona nyoka asiyejua ni wa aina gani. Hakujua hata ni wa nini. Fanueli alijua, nikaona shingo yake inalowa jasho.

"Hisa nitakuuzia," nikasema kwa upole. "Ila kwanza uwanja na nyumba vitoke kwenye kampuni, viandikwe jina langu. Kodi yake nitalipa. Wewe ubaki na mashine yako inayosaga hewa."

"Bila uwanja?" Yassir akaruka. "Sasa malori nitayalaza wapi? Na nyumba si Fanueli alisema utahama, utakwenda kukaa kwao Mbeya?"

Hata injini niliisikia ikisitasita.

"Fanueli," nikaita. "Uliniuza?"

Hapo mkwe wangu akafanya kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu amuoe Nesta. Akainua uso, akanitazama machoni kabisa, kama wanavyofanya watu wa semina wakitaka uwaamini.

"Mama, nilikuwa nakutafutia pa kupumzikia."

"Na huyu amekutafutia nini wewe?"

"Usimamizi wa maegesho," Yassir akajibu badala yake, kwa hasira.

Mashine nikamuuzia Enesi wa Nanyala. Yule alikuja na debe lake, akauonja unga, akautema miguuni pangu, tukagombana bei hadi jua likazama. Nikajua huyu ni mnunuzi. Kampuni ikakatwa kodi, nami nilipochukua changu nikakatwa tena. Niliguna mara zote mbili, lakini niliguna nikiwa kwangu, nimekaa kwenye kiti changu.

Uwanja ukabaki na kampuni, kampuni ikabaki na mimi. Foleni haijapungua. Malori ya Yassir yanalala hapa sasa, analipia kila usiku, na madereva wake wananiamkia, "Shikamoo, Mkurugenzi."

Fanueli naye alirudi, na Nesta, na mchele kilo nyingi. Amekaa ubavu, anamtazama kuku. Nimemkaribisha vizuri. Ila ule mkanda, ambao Enesi aliukataa akisema umechakaa, bado uko chini ya kitanda changu, na kila Fanueli akija nauleta sebuleni nautundika pale mbele yake.