Kompyuta ya Jumatatu ya Buluu

Nilikuwa na hasira kabla hata hatujaingia dukani, na sioni sababu ya kuificha. Ilikuwa Jumatatu ya Buluu, siku inayofuata Jumapili ya kipaimara, ambapo vijana wa darasa la saba hapa Viborg, Denmark, husamehewa masomo, huvaa nguo mpya na kushuka mjini kuzitumia fedha walizotunukiwa na jamaa zao. Naipinga desturi hiyo. Kijana aliyetoka kuikiri imani yake mbele ya madhabahu hafai kuonekana kesho yake akirukaruka barabarani na soseji mkononi.

Lakini mjukuu wangu Alberte alikuwa na shabaha. Mwezi wa Agosti angeanza shule ya bweni, na shule ilitaka kila mwanafunzi aje na kompyuta mpakato yake mwenyewe. Mama yake, binti yangu, ni mpishi katika nyumba ya wazee na analea watoto watatu peke yake. Fedha za kipaimara ndizo zilizokuwapo, hapakuwa na nyingine nyuma yake. Nilijitolea kuongeza. Alberte alikataa.

"Hii nataka iwe yangu, Babu. Yangu kabisa."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Nikamwomba tu nimsindikize.

Mlangoni mwa duka la vifaa vya umeme tulikutana na wanafunzi wenzake. Mmoja wao, Filippa, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Alberte, siku hizi unatembea na mlinzi?"

"Ni babu yangu. Nyamaza wewe."

"Basi mwambie asikununulie taipureta!"

Wakacheka wote, Alberte naye akacheka, masikio yakimwiva. Mimi sikucheka.

Muuzaji aliyetupokea alikuwa kijana aliyeitwa Malthe. Jina lilikuwa limeshonwa kifuani mwa fulana yake. "Hongera ya kipaimara, dada. Unatafuta ya kazi gani?"

"Ya kila siku. Kuandika, kusoma, filamu kidogo jioni. Isizidi kroni elfu tatu na mia tano."

"Umefika penyewe." Akamwekea mbele mashine nyembamba, yenye rangi ya waridi, nyepesi kama sahani ya plastiki.

Alberte aliisoma karatasi ya maelezo mstari kwa mstari. Nilijivuna kumwona akisoma. "Hapa wameandika hifadhi ni gigabaiti sitini na nne. Inatosha kwa shule?"

"Kwa shule? Inatosha na kubaki."

Hakuridhika. Alinigeukia. "Babu, unaonaje?"

Sikuwa nikijua gigabaiti ni nini, na ningepaswa kusema hivyo. Badala yake nilijibu kwa sauti ya mtu aliyefundisha historia miaka thelathini na minne: "Chukua. Ikikusumbua, tuna siku kumi na nne za kuirudisha. Ndiyo sheria ya nchi hii."

"Una uhakika?"

"Alberte, nina uhakika."

Malthe alisikia kila neno. Hakusema kitu. Alichukua boksi, akapitisha kadi ya mtoto kwenye mashine ya malipo, akatutakia siku njema. Ukimya ule sijamsamehe mpaka leo.

Siku ya nane Alberte alikuja jikoni kwangu, akaiweka kompyuta mezani kati ya siagi na mkate mweusi. Ilikuwa imekwama. Ilitaka kujisasisha na haikuwa na nafasi.

"Sijaweka kitu, Babu. Insha mbili na picha za Jumapili, basi. Mwalimu wa hisabati ameitazama. Anasema programu zake zenyewe ndizo zimejaza karibu yote, na hifadhi yake imegandishwa humo ndani, haibadilishwi."

"Nitakununulia nyingine."

"Sitaki uninunulie. Ulisema tutairudisha. Tuirudishe."

Nilivaa koti na tai. Njiani niliyapanga maneno yangu kama ninayekwenda kutoa ushahidi mahakamani.

Meneja wa duka aliitwa Bodil Krarup, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Aliinua kifuniko cha boksi kwa kidole kimoja.

"Limefunguliwa hili. Haturudishi."

"Bibi, leo ni siku ya nane. Sheria inatupa kumi na nne."

"Hizo ni za aliyenunua mtandaoni. Aliyenunua dukani ameishika na kuiona bidhaa, hana haki hiyo mpaka duka limpe. Sisi tunampa asiyefungua boksi. Imeandikwa kwenye risiti, mzee."

"Upuuzi! Kila mtu Denmark anajua kuwa ni siku kumi na nne!"

"Kila mtu Denmark anakosea. Kila wiki namweleza mtu kama wewe."

Nilipandisha sauti. Nilitaja Bunge, nikataja uaminifu, nikasema wamemwibia mtoto kwenye siku ya kipaimara chake, jambo ambalo hata kwa tarehe halikuwa sahihi. Foleni nzima ilinigeukia. Mwanamume mmoja aliyekumbatia kikaangio kipya akasema, "Shusha pumzi, mzee, utapasuka mshipa," na mtu mwingine akacheka. Bodil aliigeuza skrini yake akanionyesha maelezo ya sheria. Nikayasoma mara mbili. Alikuwa anasema kweli.

Katika shule ya bweni iliyonilea, aliyekosea alisimama bwaloni mbele ya wenzake wote, akalitaja kosa lake, akaketi. Hakuruhusiwa kujitetea. Nimeishi kwa kanuni hiyo na nimewadai wengine waiishi. Nikamgeukia mjukuu wangu.

"Nilikuambia jambo nisilolijua. Nimekosa. Lakini hawa nao..."

Niliposikia ile "lakini" ikinitoka mdomoni, nilijichukia.

"Babu, nyamaza kidogo," alisema Alberte. "Unapiga kelele."

Alinipita akaenda hadi kwa Malthe, aliyekuwa akijifanya kupanga nyaya kwenye rafu.

"Unanikumbuka?"

"Nahudumia watu wengi."

"Nilikuuliza kama sitini na nne inatosha kwa shule. Ulinijibu nini?"

"Sikumbuki vizuri, dada."

"Unakumbuka. Umekwepa kunitazama tangu tuingie. Mimi sitapiga kelele. Niambie tu ulisema nini."

Malthe aliurudisha waya mmoja rafuni. Akamtazama meneja wake, kisha mtoto.

"Nilisema inatosha na kubaki."

"Kwa nini ulisema hivyo, Malthe?" Bodil aliuliza.

"Kwa sababu wewe ulisema zile za waridi ziishe kabla ya mwisho wa mwezi."

Foleni iliyokuwa ikinicheka mimi sasa ilimtazama Bodil. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu. Alivaa miwani, akaivua.

"Kama muuzaji alimhakikishia hivyo, hilo ni suala jingine," alisema mwishowe. "Nitakupa hati ya kununulia kitu chochote humu ndani."

"Sitaki hati. Nataka hela zangu zirudi kwenye kadi."

Nilifungua mdomo kuunga mkono. Bila kunitazama, Alberte aliuinua mkono wake mbele ya kifua changu, nami nikaufumba mdomo.

Fedha zilirudi zote. Hakuna aliyeomba radhi. Nilingoja nisikie hata neno moja, kutoka kwa meneja au kwa kijana yule, na walichonipa ni risiti.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Alberte alishika njia ya stesheni kwa hatua za haraka, nami nikamfuata.

"Kuna fundi huku anauza laptopu zilizotumika maofisini," alisema. "Nilimpigia jana, ili ukikataliwa nisikae bure. Ana moja ya elfu mbili na mia mbili, betri mpya, hifadhi mara nne ya ile."

"Vizuri. Nitamuuliza kuhusu..."

"Hapana, Babu. Wewe utakaa nje."

"Nje? Kwenye mvua?"

"Ukiwa ndani nitakuangalia wewe badala ya kuangalia mashine. Ndivyo nilivyofanya siku ile."

Sijawahi kufukuzwa darasani maishani mwangu. Nilisimama kando ya kibanda cha baiskeli, maji yakiteleza kwenye ukingo wa kofia, na hasira yangu haikuwa imepungua hata kidogo: kwa Malthe, kwa Bodil Krarup, kwa mwenye kikaangio, na zaidi ya wote kwa mwalimu mstaafu anayezungumza asiyoyajua. Kupitia kioo nilimwona mjukuu wangu akibonyeza herufi za kibodi moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho. Akaipindua mashine, akauliza kitu. Fundi akatabasamu, akatikisa kichwa. Alberte akauliza tena, na safari hii fundi akachukua bisibisi na kuanza kuifungua.

Nilipiga hatua moja kuelekea mlangoni. Akainua macho, akaniona.

Nikarudi nyuma.