Chupa Zilizonukia Ndimu

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na tanuri ya maabara ikabaki baridi. Hadidja akazibeba chupa zake nyumbani, azikaushe juu ya mbabula ya makaa ya mama yake. Unyevu kidogo tu ungeharibu kazi.

Alikuwa akitengeneza uzi wa kushonea vidonda, ule unaoyeyuka wenyewe mwilini. Kichocheo chake hakikuwa na metali yoyote, kisije kikaacha chembe za bati ndani ya mgonjwa kama vichocheo vya kawaida. Minyororo ya molekuli ilipaswa kukua kwa urefu mmoja, uzi usiachie kabla ya wakati. Malighafi ilibaki ya mara moja tu. Alasiri daktari wa upasuaji angekuja kuchukua uzi, aujaribu kwa mbuzi, kisha aamue kama ataendelea na kazi hiyo.

Aliporudi maabarani alitia malighafi kwenye chupa moja, akadondoshea kichocheo. Kimiminika kilipaswa kuwa kizito kama asali. Kikabaki maji matupu.

Akainusa chupa nyingine. Ndimu. Akapiga simu.

"Mama, uliosha chupa?"

"Ulikuwa unaoga. Zilinuka samaki ya kwenye mbabula, nikaosha na ndimu, nikakausha tena. Dokta aone vyombo ya kunuka, atasema tuko watu gani?"

"Asante, mama."

Asidi ya ndimu ilikuwa imekizima kichocheo.

Osée, mwenzake wa maabara, alicheka, kisha akauona uso wake. "Bon, ongeza kichocheo ingine. Itashika tu."

Akaongeza. Kimiminika kikashika. Baadaye wakavuta uzi, ukatoka mweupe, laini. Osée akafunga fundo, likakaza.

"Unaona? Alors, unanuna nini?"

"Ile ndimu nayo imeanzisha minyororo yake. Ingine mirefu, ingine mifupi. Uzi utashika leo, kisha utaachia kidonda ikiwa wazi."

"Iko mbuzi tu, Hadidja."

"Leo iko mbuzi."

Daktari alipofika, aliunyoosha uzi mbele ya dirisha, akatabasamu.

"Si huu niliokuahidi," Hadidja akasema. "Urefu wa minyororo umenipotea. Sina malighafi nyingine."

Daktari aliurudisha mezani polepole. "Ukipata, utaniita," akasema. Hakusema kama atakuja.

Nyumbani, mama alimpokea mlangoni.

"Dokta aliona vyombo?"

"Aliona."

"Zilikuwa safi?"

"Safi kabisa, mama," Hadidja akajibu, akakaa bila kuvua viatu.