Ya Vitre ao ya Plastiki

Mukankusi alishuka kutoka Muheto asubuhi, simu ameifunga katika pindo la kitenge. Ni kwa simu hiyo alikuwa akimsikia binti yake Josiane, aliyeolewa Walikale na ambaye sasa mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa tisa. Kwenda kumtunza hakukuwezekana. Vita vilikuwa vimeifunga barabara. Juzi simu ilimponyoka shambani, ekra, ule uso wake wa kugusa, ikapata ufa pembeni, na tangu hapo hakuwa na amani.

Sokoni alimwendea Bienvenu, mtengeneza simu, akamweleza kwamba anataka kitu cha kuilinda ekra isipasuke zaidi. Bienvenu akamtolea vifuniko viwili: kimoja cha kioo chembamba, kingine cha plastiki laini inayojipinda.

"Mama, ya vitre inapokea mupigo kwanza, ekra inapona. Ya plastiki inazuia mikwaruzo tu. Lakini vitre inaomba kufinya, na ekra yako iko na ufa, inaweza kufa."

Mukankusi alivigusa vyote viwili. Plastiki aliiona nyepesi kama ganda la kitunguu. Akayafikiria mawe ya shamba lake.

"Uniwekee ya vitre."

Bienvenu alifuta vumbi, akakilaza kioo, akakifinya polepole kwa kidole gumba. Kikashika vizuri. Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa Josiane.

Mukankusi akapitisha kidole. Simu ikaendelea kulia. Akakifuta kidole kwenye kitenge, akajaribu tena. Bienvenu akaichukua, akakibandua kioo haraka, akajaribu naye. Ekra haikusikia kidole cha mtu yeyote. Josiane alipiga mara tatu, wao wawili wakiiangalia tu, kisha simu ikanyamaza.

Bienvenu akaihamisha kadi ya Mukankusi katika simu yake mwenyewe. Namba ya Josiane haikuwamo. Ilibaki ndani ya ile iliyoharibika, na Mukankusi hakuijua kwa kichwa. Wakangoja apige tena mpaka soko likatawanyika. Bienvenu alisema labda hata ya plastiki ingeiua ekra. Mukankusi akachukua kadi yake. Alirudi nayo, na huko nyumbani akawa anaiweka katika simu ya jirani kila jioni. Haikuita.

Siku ya nne Fiston, dereva wa pikipiki aliyetoka Walikale kwa njia za msituni, alifika na habari: Josiane amezaa mtoto wa kike, wote wazima. Mukankusi akapiga magoti, akamshukuru Mungu. Fiston akaangalia chini, akamalizia ujumbe aliopewa.

"Anauliza juu ya nini ulikatala kumujibu. Uchungu ilikuwa imemushika, alikuwa anataka tu kusikia sauti yako."

Mukankusi akaanza kumweleza habari ya vitre na plastiki. Katikati ya maneno akaona Fiston haelewi. Akaacha, akaenda kumtafutia viazi ale.