Maji Yale Yale

Daktari Abdiel Mbise alimsimamisha Nice juu ya benchi la zahanati, akamwunganisha vifundo vya miguu, kisha akapenyeza ngumi yake katikati ya magoti ya mtoto. Kliniki iliyopita ngumi ilikuwa inagusa magoti yote mawili. Leo ilipita na nafasi ikabaki. Alipima kwa rula, akairudisha mfukoni haraka.

"Matege yamepungua, daktari?" aliuliza Ndeshi, mama wa mtoto.

"Bado tunaangalia, Mama Nice."

Jibu la kidaktari hilo, la mtu anayetaka kuvuka bila kulowa. Ndeshi alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Kimeru, mwenye shamba dogo la mahindi juu kidogo ya Kikatiti, na tangu mwanawe aingizwe kwenye dawa ya utafiti hakuwa amekosa kliniki hata moja.

Zamani kijiji kile kilikunywa maji ya chemchemi iliyoshuka kutoka msituni. Kisha uchumi ukafunguliwa, akaja mwekezaji, chemchemi ikazungushiwa uzio, na sasa maji yake yanamwagilia maua yanayopandishwa ndege kwenda Ulaya. Wanakijiji wakachimbiwa kisima na kuwekewa bomba. Hotuba zilisomwa, utepe ukakatwa. Hakuna aliyesema kwamba maji ya kisima kile yana madini yanayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya mtoto anayeyanywa kila siku.

Abdiel alikuwa anajua. Yeye mwenyewe ni Mmeru, na hata kwenye picha yake ya harusi amefumba mdomo kuficha meno. Ndiyo sababu alipoomba ufadhili wa mafunzo ya utafiti, ule wanaopewa madaktari wa watoto ili wagundue tiba mpya, aliandika habari za miguu ya watoto wa kwao, na wafadhili wakaguswa. Arusha nzima alichaguliwa yeye peke yake. Akimaliza kuijaribu dawa, angekwenda kusoma Ulaya na kurudi bingwa.

Dawa yenyewe ilikuwa ya unga, ya kukorogwa kwenye uji. Watoto wengine walipewa dawa, wengine unga mtupu katika pakiti zilezile, na si Abdiel wala akina mama waliojua nani kapata nini. Sharti lilikuwa moja: watoto waendelee na maji yale yale na chakula kile kile mpaka mwisho, ili mabadiliko yoyote yajulikane kuwa yametokana na dawa. Darasani sharti hilo lilikuwa na akili. Pale zahanati lilikuwa na miguu ya Nice.

"Daktari, kuna jambo," alisema Ndeshi akimvalisha mtoto sketi. "Mama yangu ananisumbua. Anataka Nice akakae kwake kule juu, mpakani mwa msitu. Anasema huko watoto wamenyooka kwa sababu wanakunywa maji ya mtoni. Mimi nimemwambia daktari alikataza kubadili maji. Nimekosea?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa mdomoni tayari.

"Hujakosea," alisema. "Ngoja kwanza tumalize dawa."

Roho ilianza kumsuta hata kabla mama na mtoto hawajafika barabarani.

Siku iliyofuata alimwendea Daktari Reginald, mkuu wa wodi ya watoto mjini, ambaye ndiye aliyemsimamia.

"Nataka kumtoa mtoto mmoja," alisema. "Anazidi kupinda. Ana bibi mwenye maji safi."

Reginald alimtazama juu ya miwani. "Abdi, wewe ni mtafiti au mchungaji? Watoto wengine wameshahama, waliobaki wanatosha kwa shida. Akitoka na huyo, wafadhili wanafunga kazi. Ufadhili wako utakwenda, na gari la mradi litakwenda. Umepita wodini leo?"

"Nimepita."

"Watoto wanabanana kitandani, mama zao wanaambiwa wakanunue hata glavu. Ndiyo hali yetu sasa, kila mtu achangie. Wewe unataka kumwokoa mmoja."

"Mmoja ninayemjua kwa jina."

"Ukirudi na shahada utaokoa wilaya nzima. Nenda ukafanye kazi."

Abdiel alikwenda akafanya kazi. Alichokionea aibu si kwamba alishindwa hoja. Ni kwamba alipokuwa akishuka ngazi alijisikia mwepesi, kama mtu aliyekatazwa jambo ambalo hakutaka kulifanya.

Wepesi huo haukudumu. Nyumbani kwake Kimandolu binti yake, Princess, hakuwa ameonja maji ya bomba tangu kuzaliwa. Alinunuliwa maji ya chupa, haya yaliyojaa madukani siku hizi, na mke wa Abdiel aliyatumia hata kumpikia uji. Jumapili moja baada ya kanisa Princess alikimbia kuvuka uwanja kumpokea baba yake, magoti yakigusana vizuri kabisa. Abdiel alimnyanyua akashindwa kumtazama usoni. Aliona haya mbele ya mtoto wa miaka minne, na akaapa kwamba kliniki ijayo atasema, liwalo na liwe.

Kliniki hiyo ikaangukia siku ya ugeni. Profesa kutoka kwa wafadhili alikuwa anakuja na Reginald kuwaona watoto. Abdiel alitangulia mapema, akamvuta Ndeshi nyuma ya zahanati. Nice aliwafuata akitembea kwa kuyumba kama bata.

"Mama Nice, mpeleke mtoto kwa bibi yake. Leo hii. Dawa achana nayo."

Uso wa Ndeshi ulibadilika. "Unamtoa?"

"Kwa faida yake."

"Nimekosa nini, daktari? Mama alikuja kumchukua, nikamkatalia mlangoni, watu wakiangalia. Ameniambia nisikanyage kwake tena. Nimegombana na mama yangu mzazi kwa ajili ya neno lako, leo unaniambia nimtoe?"

"Nitakwenda mwenyewe kuzungumza na mama yako. Nisikilize. Ni maji. Maji ndiyo yanayompinda, na mimi nilijua tangu mwanzo."

Abdiel alisubiri matusi. Aliyatamani kabisa, kwa sababu yangemstahili.

"Hapana," alisema Ndeshi. "Wewe ni mtoto wa hapa. Ungejua, ungesema."

"Nilijua, mama. Nilikaa kimya."

"Kuna mtu mwingine amepewa nafasi ya mwanangu." Sauti yake ilishuka, akasogea karibu. "Naelewa, daktari. Siku hizi hakuna cha bure. Nina mtetea na vifaranga vyake, jioni nakuletea. Usimtoe Nice kwenye dawa, nakuomba."

"Sitaki mtetea wako!"

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia. Nice alianza kulia. Wakati huohuo gari la wafadhili liliingia uwanjani, na akina mama wakainuka kutoka kwenye benchi na watoto wao.

Ndeshi aliangalia gari, akamwangalia daktari, kisha akapiga moyo konde. Alimshika mwanawe mkono akamkokota hadi kwenye bomba lililokuwa katikati ya uwanja, mbele ya wageni na watu wote. Aliazima kikombe kwa mwanamke aliyekuwa anachota, akakijaza mpaka kikafurika.

"Kunywa," alimwambia Nice. "Kunywa daktari akuone."

Nice alikunywa huku kwikwi zikimkatiza.

"Ona, daktari!" Ndeshi alipaza sauti. "Sijabadilisha kitu! Maji ni yale yale, hata magadi kwenye makande ni yale yale! Ona, anamaliza yote!"

Profesa alimwinamia Reginald akauliza jambo kwa Kiingereza. Reginald alimtupia Abdiel jicho, kisha akajibu kwamba mama huyu anafurahi kueleza jinsi anavyofuata masharti. Profesa akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Abdiel alikuwa hatua chache tu kutoka bombani. Angeweza kukichukua kile kikombe. Angeweza kusema kwa Kiingereza chake kizuri, kilekile kilichompatia ufadhili, kile ambacho mama alikuwa anasema hasa, na kile ambacho maji yale yanamfanyia mtoto. Alifungua mdomo, na watu wote wakageuka kumsikiliza. Akakohoa.

"Hongera sana," mgeni alimwambia Nice kwa Kiswahili cha kujifunza, na Ndeshi akakinga kikombe cha pili.