Mstari Ulioota Miguu

Belarmino alipofariki, mji wetu mzima wa Española ulijua pikipiki yake ndiyo ingetangulia msafara wa mazishi Jumamosi. Ilibaki kuchorwa mistari myembamba kwenye makava yake meusi ya plastiki. Mimi, Orlinda, nilikuwa nimechora mistari kando ya marehemu miaka kumi na mmoja. Kazi akapewa Dorian.

Dorian ni mtoto wa kaka yake Eufelia, mjane wa Belarmino. Alikuja kutoka Los Angeles na sweta la sufu na sanduku la brashi safi kuliko za mchoraji yeyote ninayemjua.

"Huyu ni wa nyumbani, Orlinda," Eufelia aliniambia. "Usinielewe vibaya."

Nilimwelewa vizuri sana.

Ilikuwa Januari, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Dorian akachukua kitambaa kikavu, akayasugua makava kama anayemwogesha bwana harusi. Kadiri alivyosugua, vumbi liliruka kutoka mezani likajibandika.

"Unayatia umeme," nikamwambia.

"Dada, mimi nimechora magari ya watu maarufu."

"Ya bati. Hii ni plastiki."

Akachovya brashi. Ilipokaribia kava, nywele ndefu za brashi zikatawanyika, na mstari mwekundu ukatoa nyuzi kushoto na kulia kama tandu.

"Rangi yenu mbovu," akasema.

Akafuta, akasugua kwa nguvu zaidi. Mstari wa pili ukaota miguu mirefu kuliko wa kwanza. Ndipo akafunga waya kutoka kwenye kava hadi bomba la maji, akasimama amekunja mikono kama daktari bingwa. Plastiki haipitishi umeme. Waya ule ulifaa kuanikia soksi.

Alipofuta mara ya nne akagusa mguu wa chuma wa meza. Cheche ikamuuma kidole, akaruka, na kikopo cha rangi kikamwagikia sweta. Nilicheka. Nilicheka kwenye nyumba ya msiba, na sijutii sana.

Eufelia akatokea mlangoni. Akayatazama makava, kisha mpwa wake.

"Dorian, kalete kuni."

"Shangazi, ni hewa ya huku tu..."

"Kuni, baba."

Nikamwaga maji sakafuni, nikabandika sufuria ya maji jikoni mpaka madirisha yakatoka jasho. Nikayapangusa makava polepole kwa kitambaa chenye unyevu, mara moja, upande mmoja, nikanywa kahawa huku yakikauka yenyewe. Belarmino hakuwahi kunieleza sababu. Alinipiga vidole tu kila niliposhika kitambaa kikavu, na hakunisifu hata siku moja.

Brashi ikatulia. Mistari ikalala ilipolazwa. Nilipofika kwenye kona ya mbele, ambayo alikuwa akiichora yeye peke yake, ilinibidi nisimame nipanguse macho. Kisha nikaichora. Ilitoka nzuri kuliko zake.

Jumamosi, nje ya kanisa, nilimkuta Dorian ameshika usukani wa pikipiki, watu wamemzunguka.

"Siri ni maji," alikuwa akiwaeleza. "Watu wengi hawajui."

Eufelia akapita katikati yao na shela lake jeusi.

"Sogea, baba. Orlinda ndiye anayeendesha."

Nikapanda. Ningeweza kumsamehe nisimtazame. Nilimtazama, tena kwa muda mrefu, ndipo nikawasha.