Kumpasha Moto Kiberiti

Daktari alipomwambia kwamba ana tatizo la kudhibiti hisia, Kiberiti alikasirika. Alikasirika kwa shingo, kwa mabega na kwa viganja, mpaka kalamu za daktari zikaruka mezani. Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya kubembelezea watoto, aliitazama saa ya ukutani, akaandika, akangoja. Foleni nje ikaanza kuguna. Kiberiti alipopoa akarudi kitini, daktari akaandika tena.

"Sasa sikiliza, mama. Hasira si ugonjwa, kila mtu anayo. Yako inawahi kuja, inapanda juu mno, na ikishapanda haijui njia ya kushuka. Hapo ndipo tutakapofanya kazi."

Akampa siku ya kuonana kila wiki, na daftari. Kila hasira ikija, aandike: nini kimetangulia, amefanya nini, imekaa muda gani.

Kiberiti alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare za shule, na kwa miaka tisa msemaji wa wenzake. Kila Jumatano aliingia ofisini kwa meneja kuwasemea. Mwaka huo kulikuwa na jambo moja tu: choo cha wanawake kilitiwa kufuli, ufunguo akakaa nao msimamizi, naye aliandika jina la kila anayeingia na dakika alizotumia. Mwanamke mzima kuomba ruhusa ya haja yake!

Njiani kurudi nyumbani swali lilimkaa kama mfupa kooni. Siku aliyogoma kushona mpaka mjamzito apewe kiti, ilikuwa haki ile, au homa? Tajiri akipiga meza husifiwa kuwa ana msimamo. Mshonaji akipiga meza huandikiwa cheti cha daktari. Na meneja akikipata cheti hicho, nani atamsikiliza tena?

"Kwa hiyo tatizo lako lina jina," alisema mumewe, fundi saa, macho yakiwa ndani ya saa aliyoifungua.

"Lina jina. Refu."

"Mimi miaka yote nililiita hali ya hewa. Nikisikia unavyofungua mlango, najua nianike nguo au nianue."

Kikombe kilikuwa karibu na mkono wa Kiberiti. Akachukua kalamu badala yake. *Mume. Utani. Kikombe hakikurushwa. Dakika kumi na mbili.*

"Andika na ya Jumapili," mumewe akasema polepole. "Ulipomfukuza dada yako mezani."

"Alinichokoza."

"Aliomba chumvi, mke wangu."

Kiberiti alitafuta katika kumbukumbu yake, ambayo haijawahi kupoteza dhuluma hata moja, akatafuta dhuluma ya Jumapili. Hakukuwa na meneja pale, wala kufuli, wala haki ya mtu. Kulikuwa na chumvi. Akaandika *chumvi*, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko siku zote.

Wiki ya tatu, daftari likaanza kutoa siri. Hasira za nyumbani zilitawanyika kama mbuzi wasio na mchungaji. Za kiwandani zilikuwa na nidhamu ya kijeshi: zote Jumatano, zote saa tatu asubuhi, nusu saa kabla ya kikao, na zote zilitanguliwa na mkasi kupotea.

Jumatano iliyofuata hakusubiri. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mkataji vitambaa, mama aliyekuwa mkubwa kuliko wote kiwandani, akainua rundo la kaki.

"Mkasi wangu unatafuta nini hapa, dada?"

Mkataji aliona kukana hakumfai mtu wa umri wake. "Tunakupasha moto."

"Mnanipasha moto."

"Ukiingia baridi unakuwa na adabu. Unamwambia 'samahani Meneja'. Tangu mwaka ule wa kudai feni itengenezwe ndivyo tunavyofanya. Mwanzoni tulikuwa tunamwaga chai yako, tukaona huruma."

"Na feni ilitengenezwa?"

Wote wawili wakatazama juu. Feni ilining'inia palepale, na buibui alikuwa ameshajenga na kustaafu.

Hapo Kiberiti akavihesabu vikao vyake, kimoja kimoja. Kila mara aliwaka. Kila mara meneja aliinuka, akafunga koti, akasema, "Tutazungumza ukishapoa," akatoka. Miaka tisa hakujibu swali hata moja. Wenzake waliupenda moto wake, na meneja aliupenda kuliko wao: ulimfungulia mlango wa kutokea.

"Nirudishie mkasi," alisema. "Leo naenda na baridi yangu."

"Tumekwisha," mkataji akawaambia wenzake, nao wakamfuata ofisini kama watu wanaosindikiza maiti.

Kiberiti hakubeba karatasi. Alisema kutoka kichwani, tarehe kwa tarehe: nani alinyimwa ufunguo, alisubiri dakika ngapi, nani alirudi nyumbani kajifunga kitenge kiunoni kuficha aibu. Meneja alisikiliza mikono ikiwa juu ya mikono ya kiti, tayari kuinuka. Kelele zilipochelewa, akaamua kuziita.

"Tatizo lenu," alisema, "mnakunywa maji mengi mno."

"Hiyo hatukuipanga sisi," mkataji akanong'ona.

Ikaja. Shingo, mabega, viganja. Kiberiti aliikagua kama anavyokagua mshono: haikuwa ya mkasi, wala haikuwa ya chumvi. Meneja alikuwa ameshanyanyuka nusu, vidole kwenye kifungo cha koti.

"Naona tutazungumza ukishapoa."

"Hasira imefika, Meneja," Kiberiti alisema, sauti ikimtetemeka. Hakuinuka. "Daktari kanifundisha niitaje, nisiifuate. Naomba tuisubiri hapahapa, sote."

"Inachukua muda gani?"

"Inategemea utasema nini tena."

Mkataji akavuta kiti, akaketi ubavuni mwake. Mwingine akakaa sakafuni. Hakuna aliyepaza sauti, na bila kelele meneja hakuwa na kitu cha kukimbia.

"Na ikiisha?" aliuliza.

"Nitaendelea. Ndiyo kwanza nimefika mwezi wa tatu."

Meneja aliutazama mlango. Kisha akaketi taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole cha mguu.